Volteji ya Jirani Osmel

Kila siku akitoka shule, Dailenis alianza na maji. Alivua sketi yake ya rangi ya haradali, akaitundika vizuri ili aivae tena kesho yake, kisha akaenda uani kuchungulia tangi. Maji yakiwa yamekuja, alijaza ndoo zote. Yakiwa hayajaja, aliguna na kwenda kumchemshia mama yake kahawa. Pale mjini Bayamo maji yalikuwa na siku zake na umeme ulikuwa na saa zake, na mtu mwenye akili alipanga mambo yake kwa kufuata hivyo viwili.

Mama yake, Odalmis, alimkuta palepale alipomwacha asubuhi, kwenye meza ya chakula karibu na dirisha, ameinamia laptopu. Laptopu hiyo ilitumwa na shangazi aliyehamia ng'ambo, Tampa, na haikuwa mpya hata siku ilipofika. Lakini ndiyo iliyowalisha. Odalmis alitengeneza picha za wasichana wanaotimiza miaka kumi na mitano, na kazi hiyo haikumwishia, kwa sababu pale mjini msichana anaweza kukosa viatu vipya, ila hawezi kufikisha umri huo bila albamu. Msichana alipigwa picha mbele ya shuka lililobanwa ukutani, naye Odalmis akamwekea nyuma yake bustani, ngazi za kasri na farasi mweupe. Alifuta chunusi na nyaya za umeme. Mara moja alimfuta hata shemeji mzima, maana alikuwa amekosana na familia kabla albamu haijachapwa.

Sheria ya nyumba ilikuwa moja, nayo Dailenis aliijua tangu akiwa mdogo. Laptopu haiguswi mama asipokuwepo. Odalmis alizoea kumwambia kwamba akitaka kuchezea kitu, paka yupo.

Wiki hiyo mezani palikuwa na albamu ya Yaremis, binti wa pekee wa jirani yao Osmel. Osmel alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Alitengeneza nondo za madirisha na mageti ya nusu ya mtaa, akiwa uani kwake, nyuma ya ukuta mfupi uliotenganisha nyumba hizo mbili. Mke wake alifariki zamani, na binti yake alimlea mwenyewe, akamsuka nywele mwenyewe, kwa mikono iliyojaa makovu ya moto. Kwa ajili ya sherehe ya binti yake ya miaka kumi na mitano alikuwa amekodi gauni la bluu kutoka mji wa Holguín. Gauni lilikuja, Yaremis akapigwa picha, gauni likarudi lilikotoka. Sherehe ilikuwa Jumapili, na picha zote zilikuwa ndani ya laptopu ya Odalmis zikisubiri bustani yao.

Dailenis alilijua hilo vizuri. Ndiyo maana alichokifanya ni kigumu kukitetea.

Yote yalianza na mchezo wa magari. Darasani watu hawakuwa na habari nyingine, na Dailenis alikuwa ameupata kwenye flashi, lakini laptopu iliukataa. Iliandika kwamba mfumo wake ni wa zamani mno. Basi akamfuata Rigo. Huyu Rigo ndiye aliyepita mtaani kila wiki na baiskeli na diski kubwa iliyojaa tamthilia, filamu, michezo na programu, na kila nyumba ikanakili ilichotaka. Kwa kuwa intaneti ya pale ilikuwa ya kusuasua, Rigo na diski yake ndio waliokuwa dirisha la dunia. Dailenis alimwomba mfumo mpya wa laptopu.

Rigo alimtazama. "Mama yako anajua?"

"Ndiye aliyenituma," alisema Dailenis.

Rigo alikuwa na wateja wengine wanamngoja. Akamnakilia kwenye flashi, akapanda baiskeli yake, akaenda.

Kesho yake mchana zikaja habari kwamba kuku wamefika dukani, na Odalmis akachukua mfuko wake akaenda kupanga foleni. Foleni ya kuku haina haraka. Dailenis alibaki na laptopu, flashi na nafsi yake, na nafsi ikaanza kumshawishi. Ikamwambia kwamba mfumo mpya utaifanya mashine iwe nyepesi, kwamba mama atashangaa na kufurahi, kwamba kuboresha si kuharibu. Akachomeka flashi.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri hata akajisifu. Mashine ilijizima ikajiwasha, ikajizima ikajiwasha tena, kisha ikaonyesha skrini mpya yenye rangi za kupendeza. Ikamwonya kuwa diski inakaribia kujaa, ikamuuliza kama ifute mafaili ya mfumo wa zamani. Dailenis alitaka nafasi ya mchezo wake, akabonyeza ndiyo. Mashine ikasema inamalizia kujipanga na kadi yake ya picha. Ikajizima kwa mara ya mwisho.

Ilipowaka, alama ya kiwanda ilitokea, halafu kioo kizima kikawa cheusi chenye mistari ya kijani.

Aliizima na kuiwasha. Alama ya kiwanda, giza, mistari. Akarudia mara nyingi, na kila mara ilikuwa vilevile. Aliwaza picha za Yaremis, akawaza uso wa mama yake, akatamani foleni ya kuku isiishe kamwe.

Ndipo nyuma ya ukuta Osmel akawasha mashine yake ya kuchomelea. Taa ya jikoni ikafifia, ikapanda, ikafifia, kama ilivyofanya siku zote akiwa kazini. Dailenis aliinua macho akaitazama ile taa.

Odalmis aliporudi na kuku wake wawili wanaodondosha maji ya barafu, alikuta binti yake amesimama katikati ya chumba. Dailenis alisema umeme umeruka. Alisema mjomba Osmel alikuwa akichomelea, taa ikazimika na kuwaka, na laptopu ilikuwa imechomekwa ukutani, akasikia imelia "tik," basi ikawa hivyo. Hiyo tik aliitunga palepale mwenyewe, na ndiyo iliyomwaminisha mama yake kuliko maneno mengine yote.

Na kwa nini asiamini? Mwezi huo volteji ilikuwa imeua jokofu la nyumba ya pembeni, feni ya mwalimu mkuu na televisheni mbili. Mtaa mzima, kitu kikiharibika, mtu wa kwanza kushtakiwa alikuwa volteji, na hakuna aliyeomba ushahidi.

Odalmis aliiwasha laptopu, akaona mistari, akaizima. Kisha akatoka uani bila hata kuwatua kuku, akaenda moja kwa moja ukutani.

"Osmel, zima hilo dubwana lako."

Osmel aliinua kinyago chake cha chuma. "Kuna nini, jirani?"

"Umeniunguzia laptopu, ndicho kilichopo. Mara ngapi nimekwambia taa zangu zinacheza? Mara ngapi? Na picha za mwanao zimo humohumo."

Majirani wa upande wa pili walikuwa wameshatoka kusikiliza, kama ada. Osmel hakuwajali. "Za Yaremis?" aliuliza.

"Za Yaremis. Gauni na kila kitu."

Kila mtu alitegemea ajitetee, maana Osmel naye alikuwa na mdomo wake. Hakujitetea. Alivua kinyago, akazima mashine, akakaa juu ya geti ambalo hakuwa amelimaliza, akashika kichwa. Dailenis aliyaona yote hayo akiwa mlangoni. Alitaka kusema, lakini mama yake alipogeuka na ule uso wake uliovimba kwa hasira, akarudi ndani.

Jioni hiyo waliipeleka laptopu kwa fundi Evelio, aliyefanyia kazi sebuleni kwake. Meza yake ilikuwa imesheheni wagonjwa wa volteji: redio, vichaji na televisheni zilizo wazi mgongo. Evelio alikuwa mtu mpole mwenye maswali mengi. Aliiwasha akatazama mistari. Akaiunganisha na kioo kingine cha nje, na kile nacho kikatoa mistari ileile. Akakuna kidevu.

"Kioo ni kizima. Hapa ni chipu ya picha, ile inayochora kila kitu kwenye kioo," alisema. "Ila kinachonishangaza, alama ya kiwanda inatoka safi kabisa. Chipu iliyoungua huwa haina adabu hiyo." Akamgeukia Dailenis. "Wewe ndiye uliyekuwepo. Ulisikia nini?"

"Tik," alisema Dailenis.

"Na hakuna aliyeiwekea kitu kipya?"

Odalmis ndiye aliyejibu. Alisema nani aiwekee, ikiwa yeye mwenyewe mfumo wake haugusi kwa kuogopa, na kwamba binti yake anaijua sheria. Alisema hayo kwa kujivuna kidogo, mkono wake ukiwa begani mwa Dailenis. Mkono ule ulimlemea Dailenis kuliko ndoo mbili za maji.

Evelio akaeleza. Picha zilikuwa salama ndani ya diski, lakini ili albamu imalizike ilihitajika mashine hiyohiyo na programu zake, na nyingine haikuwepo. Kesho, umeme ukiwepo, angeifungua aipashe ile chipu kwa mashine ya hewa moto. Chipu nyingine zilizochomwa na volteji hufufuka zikipashwa. Nyingine hufa moja kwa moja, na bodi yote iliyozibeba hufa nazo.

"Na hii ikifa?" aliuliza Odalmis.

"Ikifa, itabaki sinia la kubebea kahawa," alisema Evelio, na hakuwa akicheka.

Siku iliyofuata umeme ulikatika tangu asubuhi. Dailenis alirudi kutoka shule, akachungulia tangi, akajaza ndoo, na akiwa pale uani akasikia sauti ya Yaremis upande wa pili wa ukuta. Yaremis alikuwa akilia. Alimwambia baba yake kwamba alimwomba, kwa mdomo wake alimwomba, asichomelee wiki hii. Dailenis alisubiri Osmel ajibu, hata kwa kufoka, lakini kilichosikika ni kiti tu kikivutwa.

Baadaye Osmel akaja mwenyewe, akapita mlango wa mbele kama mgeni, jambo ambalo hakuwa na mazoea nalo. Alikuwa ameshika kofia yake mkononi. Odalmis alikuwa akipika wali na maharage kwa mkaa, akamkaribisha kwa ubaridi. Dailenis alikaa pembeni akijifanya anasoma.

"Odalmis, sikuja kugombana," alisema Osmel. "Kuna bwana wa Manzanillo anakuja kesho kuiona mashine yangu ya kuchomelea. Akiinunua, nitakutafutia laptopu nyingine. Haitakuwa kama yako, lakini itafanya kazi."

Odalmis aliacha kukoroga. Hasira ilimtoka mara moja, ikaonekana usoni. "Na wewe utafanya kazi na nini?"

"Nitajua."

"Osmel."

"Nimemharibia mwanangu siku yake," alisema Osmel. "Mimi, si mtu mwingine. Niache nilale usingizi."

Dailenis alikuwa akitazama ukurasa uleule wa kitabu tangu Osmel alipoingia. Herufi zilikuwa zikiogelea. Bado mdomo haukufunguka, kwa sababu uongo ukishakaa siku mbili nyumbani huwa umeshapata kiti chake.

Hapo ndipo mtaa ulipolipuka. "Umekuja! Umekuja!" Watoto walipiga kelele barabarani, wanawake wakagonga masufuria, redio tano zikaanza kuimba pamoja. Kila umeme uliporudi ilikuwa hivyo, na kila siku Dailenis alikuwa wa kwanza kupiga kelele. Leo alisimama, kitabu kikaanguka. Umeme kurudi maana yake fundi Evelio ameshika mashine yake ya hewa moto.

"Mama, asiipashe," alisema. "Mwambie asiipashe. Haikuungua. Ni mimi."

"Wewe nini?"

"Niliiwekea mfumo mpya. Ulipokuwa kwenye foleni ya kuku. Umeme haukuruka. Mjomba Osmel alianza kuchomelea ilipokuwa imeshaharibika." Akaanza kulia. "Hata tik haikuwepo."

Odalmis alimwangalia binti yake, akamwangalia Osmel, na aibu ikampanda shingoni hadi masikioni. Halafu akazima mkaa kwa kuumwagia maji, akamshika Dailenis mkono, wakatoka mbio. Osmel akawafuata nyuma, kofia bado ikiwa mkononi.

Walimkuta Evelio ameshaifungua. Bodi ilikuwa wazi juu ya meza na ile mashine ya hewa moto ikivuma mkononi mwake, ikiwa bado haijashuka. Odalmis alimwambia aache kwanza, na akamsukuma Dailenis mbele. Evelio alizima mashine, akaiweka kwenye kibanio chake. Akavuta kiti, akamkalisha Dailenis.

"Nieleze," alisema. "Kitu gani kwanza, kitu gani kikafuata. Usiniachie hata kimoja, hata kama unakiona kibaya."

Dailenis akaeleza. Alieleza mchezo wa magari, flashi ya Rigo, jinsi alivyobonyeza ndiyo mafaili ya zamani yakafutika. Evelio aliuliza kama mashine ilikuwa imesema chochote kabla ya giza, naye akakumbuka kwamba ilisema inajipanga na kadi yake ya picha.

"Ahaa," alisema Evelio, akaanza kurudisha skrubu.

Alipomaliza, aliiwasha kwa namna ya pekee, katika ile hali ya usalama ambayo mashine huamka na vitu vichache tu vya lazima. Kioo kikawaka. Herufi zilikuwa kubwa na rangi zimepauka, lakini mistari ya kijani haikuwepo. Odalmis alivuta pumzi kama mtu aliyetoka majini.

"Chipu haina ugonjwa wowote," alisema Evelio. "Mgonjwa ni draiva, kile kiprogramu kinachoiambia mashine namna ya kuzungumza na kadi ya picha. Mfumo mpya ulikuja na draiva yake, na hiyo haijui kuongea na kadi ya zamani kama hii. Ningeipasha leo, ningekuwa nimemchoma mtu mwenye afya kwa ugonjwa wa mwenzake."

Kurudi kwenye mfumo wa zamani haikuwezekana, kwa sababu Dailenis alikuwa ameufuta. Ilibidi itafutwe draiva ya zamani itakayokubaliwa na mfumo mpya. Evelio aliiondoa ile mbaya, akatafuta kwenye diski zake. Ya kwanza aliyoipata ilikataa kabisa kuingia. Ya pili iliingia, mashine ikajiwasha upya, na mistari ya kijani ikarudi kuwasalimia. Dailenis alifunika uso. Evelio akarudi kwenye hali ya usalama, akaiondoa hiyo nayo, taratibu, bila kulalamika. Akasema diski zake zimekwisha, ila Rigo huwa na mafurushi ya programu za miaka ya nyuma ambayo hayafuti.

"Atakwenda yeye," alisema Odalmis.

Dailenis akaenda peke yake. Rigo alikuwa barazani kwake akinakilia watu tamthilia, na watu hao hawakuondoka ili asitiriwe. Alisema anachokitaka. Rigo akasema hajaelewa, si mama yake ndiye aliyemtuma ule mfumo?

"Hakunituma. Nilikudanganya."

Rigo aliguna kwa muda mrefu. "Binti, mimi nikaenda zangu nimejiamini, kumbe umenifanya mshirika wako. Siku nyingine ukitaka kitu kwangu, njoo na mama yako umemshika mkono." Mwanamke mmoja akacheka. Dailenis alisimama akavumilia. Rigo akachomoa diski ya zamani kutoka kwenye boksi la viatu, akaipekua, akapata faili lenye jina la kadi ileile ambalo Dailenis alikuwa ameandikiwa na Evelio mkononi kwa kalamu. Akamnakilia.

Aliporudi alimkuta mama yake na Osmel wamekaa kwenye benchi moja wakinywa kahawa ya Evelio. Evelio aliweka draiva. Mashine ikajizima. Alama ya kiwanda ikatokea. Kioo kikawa cheusi, kikakaa cheusi muda ambao Dailenis aliuona mrefu kuliko siku zote mbili zilizopita.

Kisha skrini ikafunguka, angavu, kila herufi mahali pake. Evelio kwanza alizima ile tabia ya mashine kujibadilishia draiva bila kuombwa, kisha akamwachia Odalmis kiti. Odalmis akafungua jalada la picha. Yaremis akatokea na gauni lake la bluu, mbele ya shuka lililobanwa ukutani, akitabasamu.

Osmel alijifuta macho kwa kofia. Akasema anarudi nyumbani kumpigia simu bwana wa Manzanillo asipoteze nauli.

Njiani Odalmis hakumkaripia Dailenis. Walipofika mlangoni ndipo aliposema.

"Mimi nilimtukana Osmel mbele ya watu, kwa hiyo mimi nitamwomba radhi mbele ya watu. Lakini wewe utatangulia."

Dailenis alipita uani hadi kwenye ukuta. Osmel alikuwa amesimama karibu na lile geti ambalo halikumalizika, na Yaremis alikuwa kizingitini, mikono kifuani. Dailenis aliwaambia wote wawili tangu mwanzo hadi mwisho, na sehemu ya tik aliisema pia. Yaremis alimsikiliza, akaingia ndani, akafunga mlango. Osmel ndiye aliyebaki.

"Nisamehe, mjomba."

Osmel alifikiri. "Kuharibu laptopu, mwanangu, ningekuelewa. Mimi katika umri wako niliunguza paa la bibi yangu. Ungekuja ukaniambia, pengine ningekusaidia hata kumtuliza mama yako. Lakini ulichukua kosa lako ukaniwekea begani bila kuniambia, nami nikalibeba nikidhani ni langu. Nimemtazama binti yangu akilia na sikuwa na la kumjibu." Akavaa kinyago, kisha akakiinua tena. "Nimekusamehe. Ila usimfanyie mtu hivyo tena."

Baada yake alikuja Odalmis, na aliomba radhi kwa sauti ileile aliyotukania, hata majirani wa upande wa pili wakatoka tena. Halafu akarudi mezani. Siku zilizobaki alifanya kazi kila umeme ulipokuwepo, na Dailenis alipika, akafua, akapanga foleni zote, na hakuugusa ule mchezo wa magari tena.

Jumapili nyumba ya Osmel ilijaa watu. Ukutani, juu ya keki, palitundikwa picha kubwa ya turubai. Yaremis, gauni la bluu, ngazi za kasri, na nyuma yake geti zuri la chuma ambalo Odalmis alilipiga picha uani kwa Osmel na kuliweka pale kwa hiari yake. Osmel alilitambua geti lake akacheka mpaka akakohoa. Yaremis alicheza dansi na baba yake, kisha akapita na sahani za keki. Alipofika kwa Dailenis alisimama kidogo. Akampa kipande, kidogo kuliko cha wengine, lakini akampa.

Muziki ulipokuwa umekolea, taa zote zikafifia, zikapanda, zikafifia. Watu wote wakageuka kumtazama Osmel. Osmel akainua mikono yote miwili, sahani ikiwa katika mmoja.

"Leo si mimi," alisema, na nyumba nzima ikaangua kicheko.

Dailenis hakuweza kucheka. Mama yake aliyekuwa amekaa kando yake aliliona hilo, akamsogelea.

"Unaona?" alisema Odalmis polepole. "Mtaa mzima tulikuwa tayari kumwamini mtu yeyote anayeilaumu volteji. Hata mimi. Ndiyo maana uongo wako ulikuwa rahisi kiasi kile, na ndiyo maana ungemgharimu Osmel kazi yake na sisi mashine yetu. Fundi anatengeneza kitu kwa kile alichoambiwa. Ukimwambia uongo, atakwenda kuharibu mahali palipo pazima. Na si mafundi tu, mwanangu. Mimi mama yako pia."

Dailenis aliitikia kwa kichwa. Keki ilikuwa bado mkononi.

"Kesho nina albamu nyingine," aliendelea mama yake. "Ukitoka shule, ukishamaliza maji, vuta kiti ukae karibu nami. Ni heri nikufundishe. Lakini kabla hujabonyeza kitu chochote?"

"Nitakwambia."

"Na ukishakibonyeza, kikaharibika?"

Taa zilififia tena, zikapanda. Dailenis alimtazama Osmel akicheka na wageni wake chini ya picha ya binti yake, kisha akamtazama mama yake machoni, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu siku ya foleni ya kuku.

"Nitakwambia kwanza," alisema, "kabla sijamtazama mtu mwingine wa kumlaumu."